Uende lini kuwinda pronghoni: kisa cha likizo moja katika nyanda za Medicine Bow

Shemeji yangu anafanya kazi katika kiwanda cha nyama huko Greeley, Colorado, na likizo kwake si jambo la kuamua usiku kisha asubuhi ukawa njiani. Anaomba mapema, anapewa siku chache zinazofuatana, na zikishaandikwa hazisogezwi. Alipopata kibali cha kuwinda pronghoni, mnyama wa nyanda anayefanana na swala, katika jimbo la Wyoming, suala la bunduki na risasi lilimalizika haraka. Kilichomsumbua ni kwamba msimu wa bunduki katika eneo lake ulikuwa na zaidi ya mwezi mzima, kuanzia robo ya mwisho ya Septemba hadi mwisho wa Oktoba, na yeye alikuwa na nafasi moja tu ndani yake. Aiweke wapi? Jibu alitakiwa kulipeleka kwa msimamizi wake mwezi Agosti, wakati hakuna utabiri wa hali ya hewa unaoweza kumwambia mtu Oktoba itakuwaje.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu Waswahili tulioko Colorado, Wyoming na Idaho tumeanza kuingia kwenye uwindaji, na karibu kila anayeanza huambiwa neno lile lile: nenda siku ya ufunguzi. Kwa wawindaji wa aina fulani ushauri huo ni mzuri. Kwa mtu kama shemeji, anayetafuta nyama ya kujaza friza na kulisha nyumba, naona unampeleka porini kwenye wiki iliyo mbaya kuliko zote.

Tuanze na mnyama mwenyewe, maana tarehe zote zinamfuata yeye. Wamarekani wa kawaida humwita swala, lakini hayumo katika ukoo wa swala. Ni wa mwisho aliyesalia wa ukoo wake, na jamaa zake wa karibu walio hai leo ni twiga na okapi. Shemeji alizaliwa Ituri, kwenye msitu wa okapi wenyewe, na habari hiyo ilimfurahisha kuliko jambo lolote nililomweleza kuhusu safari ile. Dume aliyekomaa hufika kilo 50 hadi 60 hivi, jike hupungua hapo. Anaweza kukimbia karibu kilomita 88 kwa saa, na macho yake makubwa yamekaa pembeni mwa kichwa, kiasi kwamba anaona karibu pande zote bila kugeuka. Hana haja ya kujificha. Anakaa pale peupe kabisa, akikutazama, akijua kwamba ukianza safari ya kumfuata atakuwa ameshaondoka.

Jambo la pili la kukumbuka ni pembe zake. Ndani kuna mfupa unaobaki maisha yote, na juu yake kuna ala nyeusi, kitu cha aina moja na kwato au kucha. Ala hiyo hudondoka kila mwaka baada ya msimu wa kupandana. Kupandana kwenyewe, katika Wyoming, kunakolea katikati na mwishoni mwa Septemba na kumalizika mwanzoni mwa Oktoba. Kuanzia mwisho wa Oktoba na kuingia Novemba, madume wengi huanza kubaki bila ala.

Shemeji alikuwa na vibali viwili. Kimoja alikipata kwenye droo ya majira ya kiangazi, cha pronghoni yeyote, dume au jike, ambacho kwa mtu asiye mkazi wa Wyoming ada yake ilikuwa dola 326. Cha pili ni cha jike au mtoto, dola 34. Tofauti hiyo ya bei peke yake inakuambia Wamarekani wengi wanafuata nini: pembe. Idara ya Wanyamapori na Samaki ya Wyoming ndiyo inayopanga vibali vya majike viwe vingapi, kwa kuangalia hali ya kundi katika kila eneo. Baada ya baridi kali ya 2022–23, iliyoua pronghoni wengi sana magharibi mwa jimbo, vibali vilipunguzwa. Kwa hiyo mtu asidhani kila mwaka atavikuta. Na tarehe hutofautiana kwa kila eneo na kwa kila aina ya kibali. Kijitabu cha kanuni cha mwaka husika ndicho cha kusoma, wala si kumbukumbu ya rafiki.

Jirani yake mmoja, mzee aliyewinda nyanda zile tangu ujana, ndiye aliyemsisitizia ufunguzi. Hoja zake zilikuwa nzito na sitaki kuzipunguza. Siku ya kwanza, alisema, wanyama hawajasumbuliwa na bunduki tangu mwaka uliopita. Madume wamelewa na mambo ya kupandana. Dume anayelinda majike wake husahau tahadhari, humfukuza mpinzani hadi karibu na pale ulipolala, na hata kisanamu cha dume mwenzake kilichosimamishwa majanini kinaweza kumleta mbio. Pembe ziko kamili. Na anayefika kwanza anachagua kwanza. Kama shemeji angekuwa anatafuta kichwa cha kutundika ukutani, ningemwambia amsikilize mzee yule neno kwa neno.

Lakini shemeji alimjibu kwa kitu ambacho mzee hakukitegemea, kwa sababu kilitoka kazini kwake. Aliniambia baadaye jioni, tukiwa tumefungua ramani mezani: "Shemeji, ng'ombe akifika kwetu amehangaika njiani, amesukumwa, amepigana na wenzake, nyama yake inatoka nyeusi. Inanata mkononi na haikai. Wanunuzi wanaikataa. Sasa huyu mnyama anayekimbia mwezi mzima, halafu anafukuzwa na magari asubuhi, nyama yake itakuwaje?"

Hoja hiyo ina msingi. Misuli ya mnyama aliyetulia huwa na akiba ya sukari. Akifa, sukari hiyo hugeuka asidi, na asidi ndiyo inayoipa nyama rangi yake nzuri na kuzuia vijidudu visiiharibu haraka. Mnyama aliyemaliza akiba yake kwa mbio na taharuki hufa bila kitu cha kugeuka asidi. Nyama inabaki nyeusi, ngumu, na inawahi kuharibika. Viwandani wanajua hili kwa hasara ya fedha. Wawindaji wengi wanalijua kwa ulimi tu, kisha wanasema pronghoni ana ladha mbaya kwa sababu anakula vichaka vya seji, vile vichaka vya kijivu vyenye harufu kali vilivyojaa nyanda zote zile. Mimi nimekula pronghoni aliyekufa ametulia na kupozwa mapema, na sijaona nyama pori inayomshinda.

Sasa utazame ufunguzi kwa jicho hilo. Mchana wa mwishoni mwa Septemba bado unaweza kufika nyuzi 20 na kitu hata kwenye nyanda za juu za karibu mita 2,000. Magari yamejaa kwenye njia za vumbi tangu kabla ya alfajiri. Kundi likishtuliwa na gari moja linakimbilia upande wa gari la pili, kutoka hapo hadi la tatu. Mpaka saa tatu asubuhi wanyama wengi wa eneo la wazi wameshakimbia kilomita kadhaa. Dume, juu ya hayo, ana wiki kadhaa za kufukuzana, amepungua mafuta, hajala vizuri. Anayempiga mnyama huyo saa nne, akatumia saa nzima kupiga picha na kusubiri wenzake, jua likiwa juu, amejiandalia nyama mbovu.

Kulikuwa pia na suala la ardhi, na hapa ndipo ramani ilipotuchukua muda mrefu. Kusini mwa Wyoming, kando ya reli ya Union Pacific, ardhi imekatwa kama ubao wa drafti tangu serikali ilipoigawia kampuni ya reli vipande vya maili moja kila upande kwa sheria ya 1862. Kipande kimoja ni cha umma, kinachokigusa kwa ubavu ni cha mtu binafsi, na hivyo hivyo kwa kilomita nyingi pande zote mbili za reli. Kisheria mambo yamebadilika karibuni: kesi ya wawindaji wanne wa Missouri waliovuka kwenye kona vipande viwili vya umma vinapogusana pale Elk Mountain mwaka 2021 ilifika Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya mzunguko wa kumi, na Machi 2025 wawindaji wakashinda. Hata hivyo, shemeji hakutaka safari yake ya kwanza iwe ya kubishana na mwenye ranchi juu ya kigingi cha mpaka. Alitaka ardhi ya umma inayofikika kwa barabara, pamoja na mashamba ambayo idara imeingia makubaliano na wenyewe ili wawindaji waingie kwa miguu. Ardhi ya namna hiyo ndiyo inayojaa watu siku ya ufunguzi, kwa sababu kila mgeni ana ramani ile ile kwenye simu yake. Wiki mbili baadaye inakuwa tupu. Wengi wameshapata walichotaka, na wengine wamepanda milimani kufuata elki na kulungu.

Upande wa pili wa kalenda kulikuwa na wiki ya mwisho ya Oktoba, na shemeji mwanzoni aliipenda sana. Baridi ya kuaminika, watu hawapo, wanyama wamejikusanya makundi makubwa kwa ajili ya majira ya baridi. Nyama inapoa yenyewe. Nilimwomba afikirie mambo matatu kabla hajaandika tarehe hizo.

Kwanza, makundi makubwa maana yake macho mengi. Kunyemelea wanyama watano ni kazi. Kunyemelea sitini kwenye uwanda usio na mti ni kazi nyingine kabisa, na hata ukifika, jike uliyemlenga ana wenzake nyuma yake, na risasi inayopita mwili mmoja haijui kusimama.

La pili ni la kibali. Jike naye huweza kuwa na pembe, fupi, kwa kawaida hazizidi urefu wa masikio. Dume aliyedondosha ala anabaki na vijiti vya mfupa. Kwa umbali wa mita 200, upepo ukivuma na macho yakitoka machozi, hao wawili wanafanana kuliko unavyopenda. Kinachowatofautisha ni doa jeusi la dume chini ya sikio, kwenye shavu, na uso wake ulio mweusi zaidi. Mwindaji mzoefu analiona. Mgeni mwenye kibali cha jike mfukoni na kidole kwenye kifyatulio anaweza asilitafute. Kumwua dume kwa kibali cha jike ni kosa, na kuomba msamaha hakulifuti.

Kisha kuna barabara. Udongo wa nyanda zile una mfinyanzi ambao ukilowa hauna tofauti na sabuni. Tairi linavaa matope hadi linajaa kwenye bodi, na gari la magurudumu manne linakaa pale pale kama la magurudumu mawili. Kadiri Oktoba inavyosogea, theluji inayoyeyuka mchana inafanya kazi hiyo mara nyingi zaidi. Mtu mwenye likizo isiyosogezwa akikwama siku mbili, safari yake imekwisha.

Tukabaki na wiki ya pili ya Oktoba. Kupandana kumekwisha au kunaishia. Majike wametulia, wana mafuta ya kuingilia baridi. Madume wamechoka lakini wameanza kula tena, na ala bado ziko juu ya pembe. Usiku kuna barafu kwenye vioo vya gari, mchana kuna jua lisilochoma. Alichagua siku za katikati ya wiki, Jumatatu mpaka Alhamisi, akaacha wikendi kwa wengine. Hilo la katikati ya wiki nalipa uzito sawa na uchaguzi wa wiki yenyewe, na kwa mtu wa zamu kama yeye ni rahisi kulipata kuliko kwa mfanyakazi wa ofisini.

Tulipita Fort Collins, Laramie, kisha barabara ya zamani kuelekea Medicine Bow. Siku ya kwanza upepo ulitufundisha adabu. Pale upepo si jambo la kupita. Mitambo ya umeme wa upepo iliyopangwa juu ya vilima haikuwekwa kwa mapambo. Shemeji alikuwa ameapa kutopiga zaidi ya mita 200, na kwa upepo ule hata 150 ilikuwa nyingi, kwa sababu risasi inasukumwa pembeni na mnyama aliyejeruhiwa tumboni anaweza kukimbia mpaka usimwone tena. Hakupiga hata risasi moja. Tulichofanya ni kukaa na darubini na kuona makundi yanalala wapi: upande wa kilima uliokingwa na upepo, karibu na mgongo wake, mahali ambapo wanaona bonde lote mbele yao.

Usiku ule upepo ulishuka. Alfajiri, kabla ya saa moja, tulikuwa tumeshatembea nyuma ya kilima kile tulichokiona jana yake, tukiwa na vizibao vya rangi ya chungwa kama kanuni inavyotaka. Mita mia za mwisho zilikuwa za tumbo. Chini kulikuwa na dungusi fupi, zile za kutambaa ardhini ambazo huzioni mpaka zikuingie magotini, na harufu ya seji iliyopondwa chini ya viwiko. Juu ya mgongo wa kilima shemeji aliinua kichwa taratibu kando ya kichaka. Majike sita na mtoto wa mwaka ule, wawili wamelala, hakuna aliyekuwa anatutazama. Alisubiri jike aliyekuwa pembeni asimame peke yake, ubavu wote wazi. Umbali mita 140. Baada ya mlio, wenzake walipandisha nywele nyeupe za makalioni, wakakimbia kidogo, wakasimama kuangalia. Yeye alikuwa ameanguka hatua chache kutoka pale alipokuwa.

Hakukimbia, na hakuwa amekimbizwa. Hicho ndicho tulichokuwa tumekinunua kwa kuchagua wiki ile.

Shemeji alitia sahihi na tarehe kwenye lebo ya kibali, akaifunga kwenye mzoga kabla ya kumsogeza, kisha akaanza kazi anayoijua. Nywele za pronghoni zina uwazi ndani, zinakatika na kung'oka kwa mafungu, zinashika mikono na kisu, na zikigusa nyama zinaiachia harufu ya ngozi. Kwa hiyo alikata kutoka ndani kwenda nje, ncha ya kisu ikiangalia juu, akafuta mikono kila baada ya muda. Matumbo yalitoka kwanza, ngozi ikafuata papo hapo. Ngozi ile ni koti la baridi. Ukiiacha juu ya nyama, joto linabaki ndani. Kabla jua halijapanda sana, mapaja, mikono na minofu ya mgongo vilikuwa kwenye mifuko ya kitambaa, na uthibitisho wa jinsia umeachwa kwenye paja kama sheria inavyodai. Tulivitundika kivulini upande wa gari, hewa ya baridi ikipita. Deli la barafu tulilifungua jioni tu.

Dume alimpata kesho yake, wa umri wa kati, peke yake kwenye korongo, pembe za wastani. Mbavu zilikuwa zinahesabika na mafuta hakuwa nayo kabisa. Nyama yake ilikuwa nzuri, lakini tulipoiweka kando ya ile ya jike tofauti ilionekana kwa macho: ya jike ilikuwa nyekundu iliyoiva, ya dume imezidi kidogo kuwa nyeusi. Shemeji aliiminya kwa kidole gumba namna wanavyofanya kazini, akatikisa kichwa, akasema huyu wa kusaga. Na mengi tuliyasaga.

Siku ya mwisho mvua iliyochanganyika na theluji iliteremka tangu usiku. Tulikuwa tumeegesha gari kwenye changarawe, si kwenye udongo, na tukatoka bila shida. Wengine wawili tuliowaona kwenye njia ya udongo walikuwa wamekwama. Kama mvua hiyo ingeanza siku mbili nyuma, hadithi ingekuwa nyingine, na hilo ni lazima lisemwe. Wiki ya pili ya Oktoba ina hatari hiyo, na Septemba inayo kwa kiasi kidogo zaidi. Upepo wa siku ya kwanza nao ungeweza kuendelea. Tulichokipata baada ya upepo kushuka kilikuwa na bahati ndani yake.

Ndiyo maana napenda uamuzi upimwe kwa kilichojulikana Agosti. Agosti tulijua mambo yasiyotegemea mawingu: kupandana huisha lini, ala hudondoka lini, watu hujaa lini, na mwili wa mnyama hufanya nini akifukuzwa. Yote hayo yalielekeza sehemu moja ya kalenda. Hali ya hewa ilibaki kuwa kamari, na njia ya kuipunguza ilikuwa kuchukua siku kadhaa mfululizo badala ya asubuhi moja, na kutoingiza gari kwenye udongo hata kama ni mkavu.

Nani asifuate kalenda hii? Mpiga upinde, kwanza. Msimu wake katika maeneo mengi hufunguliwa Agosti 15, na kwake joto ndilo linalomletea mnyama: nyanda zikiwa kavu, pronghoni lazima aje lamboni, na mwindaji anamvizia kwenye kilindo. Lakini awe na barafu ya kutosha na gari karibu, maana nyama ya Agosti haina subira. Pili, anayetaka dume wa pembe kubwa na ana ruhusa ya ranchi ambako hakuna magari mengine. Huyo akae na majirani wazee, aende ufunguzi, anyatie dume anapokuwa bize na majike. Tatu, mwenye kibali cha jike peke yake na anayeishi karibu, Laramie au Cheyenne kwa mfano, anayeweza kuangalia utabiri Ijumaa na kuondoka Jumamosi. Vibali vya majike katika baadhi ya maeneo huendelea baada ya vya madume kufungwa, na mtu huyo ana anasa ya kusubiri siku yenye baridi, isiyo na upepo, barabara imeganda. Kwa nyama peke yake, sijui siku bora kuliko hiyo.

Shemeji ameshasema mwaka ujao hataomba kibali cha dola 326. Ataomba cha jike, viwili kama eneo litaruhusu, na ameshaanza kumzungumzia msimamizi wake kuhusu wiki ile ile.